Mluzi wa Mtambo Mdogo

Kabula alikula chakula cha mchana kwangu Jumapili iliyopita, na mpaka leo sijatulia. Nilipika ugali wa ulezi, maharage, na samaki wakavu wa Ziwa Rukwa niliowaloweka tangu asubuhi. Akala vizuri kama zamani, akasifu, akaomba kuongezewa. Alikuja Sumbawanga na vijana wa kupima upepo. Wamesimamisha milingoti myembamba huko uwandani, na wanataka kusoma kasi ya upepo msimu hadi msimu kabla mtu hajaleta mitambo ya upepo ambayo panga lake moja la kuzunguka, kwa maelezo yake, ni refu kuliko mnara wa kanisa lolote ninalolijua mimi. Vijana wale wenye digrii wanamwita Mama Injinia na wanambebea mkoba. Mimi nina miaka hamsini na kitu, nina wajukuu, nina nyumba yangu Katandala na karakana yangu ya kuchomelea mageti, na watu wananiheshimu. Lakini nilipouona mkoba ule ukibebwa, niliona gere kama binti wa miaka ishirini. Nikamkaribisha ndani kwa vifijo, nikamwekea kiti kizuri, na moyoni nikawa ninahesabu makunyanzi yake nione kama yamezidi yangu. Hayakuzidi. Tuliongea habari za watoto na za miguu inayouma, na habari za mwaka ule hakuna aliyezigusa. Nimeamua kuzisema mwenyewe, maana zimenikaa kooni muda mrefu.

Ulikuwa mwaka ambao maduka ya Sumbawanga yalianza kujaa tena. Sukari ilirudi, sabuni za kuogea zikaja na majina ambayo hatukuwahi kuyasikia, marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni, na kila aliyeuza mahindi yake kwa mfanyabiashara binafsi alirudi nyumbani na redio. Redio zilitaka betri, betri zilitaka kuchajiwa, na umeme ulikuwa wa mjini tu, tena kwa kukatika katika. Ndipo karakana moja ya mafunzo, upande wa njia ya Kaengesa, ikaanza kufundisha vijana kutengeneza mitambo midogo ya upepo kwa mbao na altaneta, yaani dinamo za kuchaji betri, za magari mabovu. Mwaka ule walichukua wasichana kwa mara ya kwanza. Tuliomba wengi, tukabaki wawili, mimi Skolastika na Kabula. Mwalimu wetu alikuwa Fundi Adriano, Mfipa mwenzangu, mzee mkimya aliyevaa koti la sufu hata jua likiwa kali. Siku ya kwanza alituambia mambo mawili. Kila mmoja wetu atatengeneza mtambo wake. Na mtambo mmoja utasimamishwa kwenye zahanati ya kijiji kimoja kupita Pito, ambako akina mama walikuwa wakijifungua kwa mwanga wa kibatari; ambaye mtambo wake utachaguliwa ndiye atakayebaki karakana kama fundi msaidizi. Mwingine atarudi kwao. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kurudi kwetu kulikuwa na maana moja tu, jembe mkononi na mchumba ambaye wazazi walishamkubalia bila kuniuliza.

Tulipanga chumba kimoja Katandala. Kilikuwa na kitanda kimoja, meza yenye mguu uliofungwa kwa waya, na dirisha la mbao lililotazama barabara. Baridi ya mwezi wa sita ilipoingia tulilala chini ya makoti mawili ya mitumba, migongo ikigusana. Kabula alikuwa binti wa Wasukuma waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao miaka michache kabla, na kila alipokwenda kwao alirudi na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alinimiminia mimi kwanza. Alikuwa na kicheko cha kutoka tumboni, na Kiswahili chake cha kuburuta kiliwachekesha wauza nyanya mpaka wakamwongezea. Nilimpenda, nisiseme uongo. Lakini nyumba ile haikuwa na dari, na maneno ya sebuleni kwa mama mwenye nyumba yaliruka ukuta na kuingia kwetu kama yalivyo. Mama huyo alikuwa dada wa Fundi Adriano, na kila Jumapili jioni fundi alikuja kunywa chai. Siku moja nilikuwa peke yangu chumbani nikichambua maharage.

"Kati ya mabinti zako wale wawili, nani atabaki?" dada mtu aliuliza.

"Wote wazuri."

"Usinizungushe, kaka."

Nikasikia kikombe kikitua kwenye sahani. "Yule Msukuma ana kipaji," akasema fundi. "Huyu wetu ana bidii."

Nilitupa maharage mazima pamoja na mawe. Mtu anayekwambia una bidii amekwisha kukupima na kukuweka pembeni. Tangu siku ile kila alichofanya Kabula kiliniwasha. Aliposhika randa, niliangalia jinsi ubao ulivyomtii. Alipochora, niliangalia mkono usiotetemeka. Hata maziwa yale yakawa machungu, ingawa niliendelea kuyanywa.

Somo lililotutenganisha lilikuwa la magunia. Fundi Adriano alichukua kamba ya urefu wa hatua moja, akapigilia mti katikati ya uwanja, akachora duara. Akatuambia tulifunike duara lile kwa vipande vya gunia alivyovikata, kila kimoja hatua moja kwa hatua moja. Vikaingia vitatu na kijipande. Kisha akachukua kamba ya hatua mbili, akachora tena. Mimi nikasema vitaingia sita. Kabula akatandika, akahesabu. Vikaingia kumi na viwili, na pengo likabaki.

"Kwa hiyo panga likirefuka mara mbili," Kabula akasema polepole, "linavuna upepo mara nne."

"Mara nne, upepo ukiwa uleule," akajibu fundi, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo haukuwahi kufunguka kwangu. "Lakini msikimbilie ukubwa tu. Panga refu linataka mlingoti mrefu, lisije likafyeka watu. Linataka nafasi, na miti inayozuia upepo itakatwa. Litaangusha kivuli kinachotembea juu ya nyumba za watu. Na ndege hawajui kuwa mmeweka kitu pale. Kila mnachokivuna kina kitu kinachokilipia. Na upepo wenyewe, ukishatoa nguvu zake kwenye mtambo, unatoka nyuma umechoka kidogo, unatembea hatua kadhaa ndipo unapata nguvu tena." Niliyaandika yote kwenye daftari. Nilikuwa na bidii.

Kabula akatengeneza mapanga matatu ya hatua mbili mbili, laini kama kijiko. Yalizunguka taratibu, kwa hiyo akayafungia mnyororo wa baiskeli na gia kubwa ili altaneta ipate mbio. Mimi, kwa ukaidi, nikatengeneza mapanga sita ya hatua moja. Nilijiambia kwamba mapanga mengi yatafidia ufupi. Mtambo wangu ulizunguka kwa kasi ya kutisha, na ncha zake zilitoa mlio mwembamba, mluzi mrefu uliosikika mpaka barabarani. Watu walisimama kuutazama. Fundi Adriano alisikiliza mara moja tu akatikisa kichwa. "Ncha zinalia, Skola. Huo mlio ni nguvu inayopotea. Zipige msasa." Sikuzipiga. Watu walikuja kuutazama mtambo wangu, na ule wa Kabula, uliozunguka kama ng'ombe aliyeshiba anayerudi zizini, haukuwa na watazamaji. Nilihitaji watazamaji wale.

Mwezi wa sita tulisimamisha mitambo yote miwili kijijini, hatua hamsini kati ya mmoja na mwingine. Fundi alisema zahanati ni ya wanakijiji, basi wao wataiona ikifanya kazi na wao watachagua. Kwa ajili ya mlingoti wa Kabula, ambao ulikuwa mrefu karibu mara mbili ya wangu, ilibidi ikatwe mikaratusi sita iliyokuwa ikiwapa kivuli akina mama waliosubiri kliniki. Uwanda wetu hauna miti ya kuchezea. Kabula alimwendea mwenyekiti mwenyewe kuomba, akaahidi kupanda mingine, na siku ya kukata alisimama pale kama aliyefiwa. Nami nilisimama karibu na akina mama, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Maskini, kivuli chenu." Taa ziliwashwa. Mtambo wangu uliwasha balbu moja ya gari, nyekundu kidogo. Wa Kabula uliwasha nne, nyeupe, na Nesi Leonsia aliyekuwa peke yake katika zahanati ile alishika kichwa kwa mikono miwili akacheka kama mtoto. Mara nne kamili, kama magunia yalivyosema. Niliinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, maana macho yalikuwa yamejaa.

Baada ya hapo nilianza kuokota ndege. Wiki zile tulilala kijijini, kwenye chumba cha nesi, na kila asubuhi niliamka kabla ya Kabula na kuzunguka chini ya mitambo. Chini ya mtambo wake nilimkuta mbayuwayu mmoja kwa wiki tatu nzima. Chini ya wangu niliwakuta wawili, pengine kwa sababu mapanga yangu yalikwenda mbio mno hata ndege hawakuyaona. Wale wawili niliwafukia nyuma ya choo. Yule mmoja nilimfunga kwenye pindo la kanga, nikawapelekea akina mama uwanjani kwenye kupura ulezi. "Tazameni kazi ya lile kubwa," nikasema. Leo nikisikia watu wanabishana kama mitambo mikubwa inaua ndege, huwa nanyamaza, kwa sababu niliwahi kutoa ushahidi na ninajua ulivyotengenezwa.

Kilichomwangusha Kabula hasa ni ulezi. Wafipa tukishapura, akina mama hunyanyua ungo juu ya kichwa na kumimina, punje zinaanguka na upepo unapeleka makapi pembeni. Upepo ukichelewa, hupiga mluzi. Bibi zetu walifanya hivyo na mama zetu pia, mluzi mwembamba wa kuuita upepo uje. Mwaka ule upepo ulichelewa asubuhi nyingi, malundo yakakaa, na akina mama wakakaa nayo wakipiga mluzi midomo ikawakauka. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya mitambo, mbali kidogo, kama hatua mia mbili. Na kila kilipopita kijiupepo kidogo, mtambo wangu uliamka wa kwanza kwa kuwa ulikuwa mwepesi, ukapiga mluzi wake. Bibi Tekla, mkubwa wao, ndiye aliyesema kwanza.

"Mnasikia? Huu mdogo unaita upepo. Unatusaidia."

"Na ule mkubwa je?" akauliza mwenzake.

"Ule uko kimya. Anayekula huwa kimya."

Wakageuka wote kunitazama mimi. Nilikuwa binti yao, niliyesoma mambo yale. Nilijua kwamba mluzi ule ulikuwa kasoro yangu mwenyewe, mbao nisizozipiga msasa. Neno moja lingetosha. Badala yake nikafungua daftari. "Fundi ametufundisha," nikawaambia, "upepo ukipita kwenye mtambo unatoka umechoka. Na mtambo mkubwa unachukua mara nne." Sikusema kwamba hatua chache mbele unapata nguvu tena. Maneno ya kweli tupu, kila moja lina sahihi ya mwalimu, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Tena sikuwa na kisingizio cha kutojua. Jumapili iliyofuata, nikidhani Kabula amelala kwenye chumba cha nesi, niliufunga mtambo wake kwa kamba usizunguke, nikaenda uwanjani na ungo wa makapi. Nikamimina, nikapima kwa hatua yalikofika. Nikarudi nikaufungua, nikamimina tena. Yalifika palepale. Nilirudia mara tatu, nikitamani angalau mara moja yadondoke karibu, nipate kujisikia mkweli. Hayakudondoka karibu hata mara moja. Nikafuta alama zangu kwa mguu.

Mkutano wa kuchagua ulifanyika mbele ya zahanati. Kabula alieleza kwa utulivu habari za magunia na duara, na hakuna aliyefuata. Nesi Leonsia alisimama akasema, "Mimi ndiye ninayezalisha. Nataka ule wa taa nne."

"Mwanangu, nesi," akajibu Bibi Tekla, "taa nne bila ulezi, tutakula taa?" Watu wakaangua kicheko. "Na tena," akaongeza mama mwingine kwa sauti ya chini ambayo ilisikika vizuri, "watu wa kwao walikuja na ng'ombe, majani yakaisha. Sasa wamekuja na hilo, upepo uishe." Kabula alinitazama. Fundi Adriano naye alinitazama, kama mtu anayesubiri mwanafunzi wake anyooshe mkono. Niliangalia chini, kwenye miguu yangu. Mikono ikanyanyuliwa, nikashinda.

Kabula alifungasha siku mbili baadaye. Alikunja koti lake moja la mitumba, akaniachia kibuyu kikiwa na maziwa nusu. Lori la mahindi lilimchukua yeye na mapanga yake matatu hadi bondeni. Nilitegemea kusikia raha. Nilipata kitanda kizima, nikapata ufunguo wa karakana, na usiku niligundua kwamba mgongo wangu umezoea mgongo mwingine. Hata hivyo wivu haukuondoka naye, kama nilivyotarajia. Nilipopiga randa nilisikia yeye angepiga namna gani. Wakulima walipoleta betri zao na kunisifu, nilikuwa nikisikiliza kama wamemtaja yeye. Mwezi wa tisa nilipita zahanati kukagua, nikamsalimia Nesi Leonsia na kumuuliza taa inaendeleaje. Alikuwa akifua mashuka.

"Inanisaidia," akasema bila kunitazama. "Naiwasha ili nione kibatari nilikiweka wapi."

Nikafanya nililolijua tangu siku ya magunia. Nilitengeneza mapanga matatu ya hatua mbili mbili, nikayapiga msasa mpaka yakawa laini kama kijiko. Nikafunga mnyororo wa baiskeli na gia kubwa. Nikanyanyua mlingoti mrefu palepale ulipokuwa ule wa mwenzangu, na kwa ajili ya waya za kuushikilia nikakata mikaratusi miwili zaidi. Hakuna aliyelalamikia kivuli. Hakuna aliyesema habari za upepo. Ulezi ulikuwa umekwisha kuingia ghalani, na aliyejenga nilikuwa mimi. Fundi Adriano alikuja kuukagua, akauzunguka mara mbili, akaniambia, "Umeujenga sawasawa." Kisha akavaa kofia yake akaenda, na nadhani huo ndio ulikuwa mwisho wa yeye kunifundisha.

Mvua zilikuwa zimeanza Kabula alipopita. Alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha ufundi huko Mbeya, na alishuka njiani kumuaga Nesi Leonsia, mzigo mgongoni, matope mpaka magotini. Nilikuwa juu ya ngazi nikipaka grisi. Akina mama wa kliniki walikuwa wamejibana ukutani. Bibi Tekla alimtambua, akamsalimu kwa upole, akamwonyesha juu kwa kidole.

"Tazama, binti. Huu kautengeneza Skola wetu. Huu hauli upepo kama ule wako."

Kabula aliweka mzigo chini. Aliutazama mtambo muda mrefu, kuanzia kwenye mnyororo mpaka kwenye ncha, na mimi nikashuka ngazi kwa sababu sikuweza kubaki juu nikimtazama chini. Nilijua anaona kila kitu. Hakuna kipimo nilichobadilisha.

"Shikamoo, bibi," akamjibu Tekla. "Naona." Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya sisi wawili tu, "Huu nao umeupima kwa makapi, Skola? Au ule wangu peke yake?"

Kumbe alikuwa ameniona kutoka dirishani kwa nesi siku ile, mara zote tatu, na kwenye mkutano hakulitaja. "Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema mimi, au ungesema wewe," akajibu, "wangemwamini nani?"

Nesi Leonsia akatokea mlangoni akifuta mikono kwenye aproni, akampigia kelele za furaha, na Kabula akageuka kutoka kwangu kabisa. "Zinawaka ngapi?" akamuuliza.

"Nne, mwanangu! Na wiki hii nimepokea mapacha, nimewaona mpaka kucha."

Kabula akacheka kile kicheko chake cha tumboni. Nilimchunguza nikitafuta uchungu ndani yake, kwa sababu ningekuwa yeye ungekuwepo, na kama ningeuona ningepumua. Haukuwepo. Alishangilia taa zile nne kama vile yeye ndiye aliyezitundika, na ndiye hasa. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea Kabula dakika ile. Mtambo ulikuwa wangu, kazi ilikuwa yangu, kijiji kizima kilikuwa upande wangu, na aliyefurahi ni yeye.